Mng'ambo wa Sinema

Kivuko kilikuwa kimeshaiacha gati, maji ya kahawia yakichemka nyuma yake na mtu wa kamba akizikunja kamba zake, ndipo Balozi alipomgeukia mkewe na kumwambia kwamba hakukuwa na haja ya yeye kuja.

"Umechelewa," mkewe alisema. "Au niruke niogelee?"

"Nasema tu. Ni kazi ya saa moja. Nasoma kurasa mbili, wananisikiliza, tunarudi."

"Basi na mimi nitakaa hiyo saa moja."

Alikuwa amekaa kwenye benchi la bati kando ya ukingo, mkoba mapajani, macho ng'ambo. Alikuwa na miaka hamsini na nane, mnene kiasi, mtu wa maneno machache na kila neno mahali pake kama vyombo kabatini. Balozi alikuwa amesimama kwa sababu suti aliyoivaa haikupenda kukaa. Ilikuwa ya kahawia, ameiazima stoo ya mavazi kazini, na magotini ilibana.

Balozi halikuwa jina lake wala cheo chake. Mtaa ndio uliompa, baada ya sinema moja iliyojaza kumbi miezi minne mfululizo, ambamo aliigiza balozi wa nchi ya ng'ambo aliyejifungia chooni siku ya dhifa. Tangu hapo hata mwenye nyumba wake alimwita Balozi, na fundi wa bomba, na daktari wa meno. Kazi yake ilikuwa kuigiza Wang'ambo. Ameigiza Mng'ambo mwenye hoteli, Mng'ambo mlanguzi wa saa, Mng'ambo rubani, Mng'ambo baba wa bibi harusi, na mara mbili Mng'ambo marehemu, ambaye kabla ya kukata roho alipewa dakika tano nzima za kusema kwa kuwa watu walikuja kumsikia. Kwa miaka ishirini na nane, palipohitajika Mng'ambo hakutafutwa mtu wa ng'ambo. Aliitwa yeye. Na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka mto.

Hakukatazwa. Kwanza mpaka ulifungwa miaka kumi na mmoja, wakubwa walipokosana. Ulipofunguliwa, yeye alikuwa na kazi juu ya kazi. Baadaye watu walipomuuliza, alijibu kwamba Mng'ambo wake anamjua nje ndani, sasa aende kule kutafuta nini?

Huyo Mng'ambo wake alikuwa baba mkwe. Mkewe alizaliwa ng'ambo, lakini alivushwa mto akiwa na miaka saba akalelewa na shangazi yake upande huu, akasoma upande huu, akazungumza kama mtu wa upande huu. Baba yake, fundi cherehani, alimfuata binti akiwa mtu mzima tayari. Balozi alipokwenda kuposa alimkuta mzee ameketi nyuma ya cherehani yake, ndevu zimemfunika nusu ya uso, kichwa amekilaza kushoto. Lugha ya pande mbili za mto ni moja. Lakini mzee yule alilivuta neno kama mtu anayevuta mpira wa ndani wa baiskeli, katikati analimeza, mwishoni analiachia ghafla. Kabla ya kusema ndiyo, alivuta pumzi kwa upande mmoja wa mdomo kama anayeonja chai ya moto. Balozi, ambaye siku hizo alikuwa seremala wa jukwaa na hakuwa na mbele wala nyuma, alitoka pale na mambo mawili: mchumba, na ile sauti.

Mwaka uliofuata mwigizaji mmoja aliugua siku ya kupiga picha. Mhusika wake alikuwa Mng'ambo wa maneno sita. Seremala alisema anaweza. Alilaza kichwa, akavuta pumzi, akayasema yale maneno sita kwa sauti ya baba mkwe wake, na mshika kamera akalazimika kuketi chini kwa kicheko. Ndivyo ilivyoanza. Baadaye waigizaji wengine walimwiga, wachekeshaji wakawaiga hao waigizaji, na kati ya watoto waliocheza barabarani, aliyetaka kuwa Mng'ambo alilaza kichwa kushoto. Balozi alikutana na Wang'ambo wengine mjini, wauza viatu, wauguzi, na hakuna hata mmoja aliyezungumza vile. Alisema mji umewaharibu.

Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kazi zilikuwa zimepungua. Kisha ikaja hii. Sinema ya dereva wa treni mstaafu, Mng'ambo, anayevuka mto kumtafuta binti yake. Haikuwa ya kuchekesha tu. Huyo dereva alikuwa ndani ya kila ukurasa, kuanzia mwanzo mpaka anapokufa. Balozi alipousoma muswada aliufunika, akaufungua tena, akauweka chini ya mto wa kulalia. Katika kazi zake zote hakuwahi kupewa mtu mzima. Alipewa vipande vya watu.

Ila sinema hii ilikuwa ya pande mbili. Nusu ya gharama ilitoka ng'ambo, na watu wa ng'ambo waliweka sharti: yeyote atakayemwigiza mtu wao lazima asikilizwe na watu wao watatu, wampitishe. Mwongozaji, binti wa miaka thelathini na kitu aliyekua akimtazama Balozi, alimpigania sana. "Mzee," alimwambia, "ukipita kwa wale watatu, kazi ni yako. Usipopita wana mtu wao, ameshakaa tayari. Sina cha kuongeza." Alitangulia kuvuka siku moja kabla ili kuandaa chumba.

Kivuko kiligusa upande wa pili. Wakapanda ngazi za saruji, wakapita ofisi ya mihuri, wakatokea barabara yenye maduka ya vipuri na benki moja. Balozi alitembea polepole. Alikuwa anasikiliza. Mwanamke alikuwa anampigia mtu simu kuhusu mlango uliokatika bawaba. Wanaume wawili walibishana juu ya betri. Askari alimwambia dereva asogeze gari.

"Mbona hawa hawavuti?" aliuliza.

"Hawavuti nini?" mkewe alisema.

"Maneno."

"Labda wana haraka."

"Wote?"

Mkewe aliuhamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la redio. Kilikuwa na meza ndefu, zulia la kijivu lililoungua sehemu moja kwa pasi au kwa sigara, na madirisha yasiyofunguka. Mkewe alibaki ukumbini kwenye viti vya wageni. Ndani walikuwa watu watatu na mwongozaji. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba. Wa pili mtangazaji mstaafu, mwembamba, mwenye sauti nzito iliyopita mwili wake. Wa tatu alikuwa bwana wa ofisi ya filamu aliyeandika kila kitu na asiyesema kitu.

Balozi akasimama. Akasoma mahali ambapo dereva anamwambia mkata tiketi kwamba yeye hahitaji tiketi, ameiendesha treni hii miaka thelathini. Alilaza kichwa kushoto. Alivuta pumzi. Aliyavuta maneno, akayameza, akayaachia. Alijua amefanya vizuri, kwa maana mwigizaji hajidanganyi kwa hilo. Alipomaliza, mwalimu mkuu alipiga makofi mara tatu, kwa heshima.

"Umetufurahisha," alisema. "Sinema zako huku tunaziona zote. Mume wangu anazijua kwa moyo. Sasa, huyo mtu anatoka wapi?"

"Dereva?"

"Ndiyo. Huyo uliyemsema."

"Anatoka hapa, mama."

Mwalimu mkuu alimtazama mtangazaji. Mtangazaji alitazama dari. Bwana wa ofisi aliacha kuandika.

"Sisi," alisema mwalimu mkuu taratibu, kama anayemwambia mzazi habari ya mtihani, "miaka yote tulidhani unawaigiza watu wa milimani. Wale tunaopakana nao kwa nyuma, mbali na mto. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Tunasema, watu wa milimani wamepatikana."

"Na watu wa milimani wanasemaje?" mwongozaji aliuliza.

"Nina shemeji huko," alisema bwana wa ofisi, na hilo ndilo neno lake la kwanza. "Wanasema ni sisi."

Hakuna aliyecheka. Mtangazaji alijikohoza. "Mimi nimewahi kusikia mtu akizungumza hivyo," alisema. "Shangazi yangu. Alipopata kiharusi, upande mmoja wa uso ukalala. Alivuta neno hivyo hivyo, na pumzi hiyo hiyo kwa upande. Na kichwa akakilaza, kwa sababu mate yalikuwa yanamtoka. Samahani kusema hivyo mbele ya watu."

Balozi alikaa. Suti ilitoa sauti gotini.

Wakamwambia hawamfukuzi. Saa nane mchana warudi wote, naye asome tena, kwa namna ya watu wa hapa kama anaweza. Mwalimu mkuu alisema kwa upole kwamba mtu wao anasubiri jibu jioni hiyo.

Ukumbini mkewe alikuwa anasoma tangazo la ukutani kuhusu vizima moto.

"Baba yako alikuwa anaumwa?" Balozi alimuuliza kabla ya kukaa.

"Baba yangu amefariki, mzee."

"Nilipomkuta mimi. Pale kwenye cherehani. Alikuwa ameshapata kiharusi?"

Mkewe aliendelea kutazama ukuta kidogo. "Cha kwanza kilimpata huku," alisema. "Ndiyo maana ndugu walimleta kwangu. Wewe unakijua cha mwisho tu. Cha mwisho kilikuwa cha pili."

"Mbona sikuona?"

"Ulidhani zile ndevu za nini? Alikuwa mtanashati, baba. Hakufuga ndevu maisha yake yote mpaka mdomo ulipokwenda upande."

"Miaka ishirini na nane. Hukuniambia."

"Uliniuliza?" Alisema hivyo bila ukali. "Mwanzoni niliona aibu. Mchumba amekuja, nimwambie baba yangu mdomo umepinda? Halafu ukapata ile kazi. Tulikuwa tunalala chumba kimoja na mbao zako, mzee. Ukapata kazi kwa mdomo wa baba, nikasema basi, ametupa mahari yeye badala ya kupokea. Halafu akafa. Baada ya hapo nilikuwa nakwenda sinema kumsikiliza."

Balozi alikumbuka kwamba mkewe kweli alikwenda kila sinema yake, siku ya kwanza, ile ya mchana yenye watu wachache. Alidhani ni mapenzi. Hakujua sasa aliite nini.

"Nifundishe," alisema. "Kabla ya saa nane. Watu wa hapa wanazungumzaje?"

Mkewe aliuchukua ule ukurasa. Akaufikiria, akafumba macho kuitafuta sauti yake ya kabla hajatimiza miaka saba. Akafungua mdomo kumsemea dereva wa treni, na kilichotoka, kichwa kikielemea kushoto chenyewe, kilikuwa kile kile cha kwenye sinema. Akaurudisha ukurasa.

"Mimi sikufai," alisema. "Umeniharibu."

Balozi akatoka peke yake. Hatua chache kutoka jengo la redio kulikuwa na kinyozi mwenye viti viwili na kioo chenye ufa, akaingia akasema samahani, akaketi.

"Unatoka upande ule," kinyozi alisema, akimfunga shuka shingoni.

"Umejuaje?"

"Nyinyi mnaomba radhi kabla ya kukaa. Kiti ni cha kukalia. Ninyoe nini, ndevu?"

"Ndevu. Polepole."

"Polepole ni bei ile ile. Kazi gani, mzee?"

"Naigiza. Kwenye sinema."

"Unamwigiza nani?"

"Nyinyi."

Kinyozi alisimamisha wembe. "Sisi tuna nini cha kuigiza?" Kisha akamgeukia mteja wa kiti cha pili, fundi rangi mwenye madoa meupe mikononi. "Umesikia? Tunaigizwa."

"Wakulipe wewe," fundi rangi alisema. "Mimi naigizwa na mke wangu kila siku, tena mbele ya mama yake."

Wakaendelea, juu ya mke, juu ya mama yake, juu ya paa alilolipaka fundi rangi likavuja kwa ubishi tu. Balozi alifumba macho akasikiliza. Sikio lake lilikuwa ndilo mali yake pekee na halikuwa limezeeka. Walikuwa wanaharakisha kidogo kuliko watu wa kwao, mwisho wa sentensi wanaubana, na walianza kucheka kabla ya kufika kwenye kichekesho. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu. Tofauti yenyewe ilikuwa nyembamba kama ule wembe. Alimwomba kinyozi apitishe tena mara ya pili, akakaa pale mpaka saa saba na nusu, mashavu yakiwaka.

Saa nane alisoma upya. Kichwa kilikaa wima. Alizungumza kama mtu aliyezoea kusikika juu ya kelele za injini, kwa haraka kidogo, akiubana mwisho, na alipofika kwenye mzaha wa tiketi alianza kucheka kabla hajaumaliza. Mwalimu mkuu alivua miwani.

"Huyo ni wa kwetu," alisema. "Huyo nimepanda treni yake."

Mtangazaji alitikisa kichwa kukubali. Bwana wa ofisi aliandika.

Mwongozaji alikuwa ameshashika simu. Aliyekuwa akiitoa ile nusu nyingine ya gharama alikuwa mwenye kumbi, mtu wa upande wa kina Balozi aliyemiliki sehemu saba za kuonyeshea sinema, naye alitaka kusikia. Simu ikalazwa mezani, Balozi akasoma mara ya tatu. Alipomaliza, mwenye kumbi alisema kutoka kwenye simu, "Huyo nani anayeongea?"

"Ni Balozi, bosi," mwongozaji alisema.

"Huyo si Balozi. Huyo ni jirani yangu. Huyo ni mtu yeyote."

"Ndivyo wanavyozungumza huku, bosi. Wamempitisha."

"Mimi sikuuliza wanavyozungumza. Watu wangu watajuaje kwamba ni Mng'ambo? Atatembea na kibao? Nataka Balozi ninayemjua. Ile pumzi iko wapi?"

"Ile ya asubuhi sisi hatuwezi kuipitisha," mwalimu mkuu aliiambia simu, kwa sauti ya kuambia darasa. "Hakuna mtu hapa anayezungumza vile."

Kwa nje gari lilikuwa linarudi nyuma, linalia.

"Labda," alisema mtangazaji, akijitazama kucha, "kama huyo dereva angekuwa mgonjwa."

Mwongozaji alimgeukia kama mtu aliyeguswa bega. Alikuwa na akili nyepesi, na hilo ndilo lililomfikisha alipofika. "Tumpe kiharusi," alisema. "Kilimpata akiwa kazini, wakamstaafisha kwa sababu hiyo. Anavuka mto kumtafuta binti yake mdomo ukiwa upande, na watu hawamwelewi. Sauti ya asubuhi, vile vile ilivyo. Mama, hiyo mtaipitisha?"

Mwalimu mkuu alifikiri. "Mgonjwa anaruhusiwa kuvuta maneno," alisema. "Hiyo haitusemi sisi. Naipitisha."

"Kiharusi kinachekesha?" simu iliuliza.

"Kidogo, mwanzoni. Mwishoni wanalia."

"Wakilia watarudi na shangazi zao. Sawa. Mimi niko pamoja nanyi."

Ndani ya dakika mbili kila mmoja alikuwa ameridhika. Wote wakamtazama Balozi. Kazi ilikuwa mkononi mwake kama ufunguo.

"Nipeni dakika tano," alisema.

Ukumbini msafishaji alikuwa anapiga deki, na mkewe alikuwa amenyanyua miguu ili asimzuie. Balozi alisubiri apite.

"Wamekubali."

"Hongera."

"Kwa sauti ya baba."

"Si walisema hapana asubuhi?"

"Wamempa kiharusi. Yule dereva. Ataumwa kama baba alivyoumwa."

Mkewe alishusha miguu, mmoja baada ya mwingine. Sakafu ilikuwa bado mbichi. "Na mwisho anakufa."

"Ndiyo. Kitandani kwa binti yake."

"Kwa binti yake," mkewe alirudia.

Kisha alisema kwa sauti ile ile ya kueleza mahali kilipo kitu kabatini. "Kwenye sinema zako hakuwahi kuumwa, hata alipokufa alikufa kwa risasi. Alikuwa balozi. Alikuwa na hoteli. Aliendesha ndege, baba yangu, ambaye hakupanda hata lifti. Walimcheka, ndiyo, lakini walimcheka mtu mzima wa afya, tena mwenye suti. Mimi nilimlisha kwa kijiko miezi minane, wewe ukiwa safarini na sinema ya tatu. Sikulaumu. Ila ule ugonjwa naujua, sina haja ya kwenda kukata tiketi niutazame."

"Ni nafasi kubwa, mama. Hawatanipa nyingine kama hii."

"Najua."

"Ukisema hapana, naiacha."

"Usinitwishe mimi kazi yako. Umeniambia, nami nimekuambia. Mlango ule pale."

Balozi alisimama katikati ya ukumbi. Alimwona dereva wa treni, ukurasa kwa ukurasa. Alijua angemfanyaje aamke, angemfanyaje anyanyue kikombe kwa mkono wenye nguvu kidogo. Alijua tayari, na alijua angekuwa mzuri kuliko chochote alichowahi kufanya, na alijua pia ni mkono wa nani ambao angekuwa anaunyanyua. Msafishaji alirudi na ndoo akamwomba asogee. Akasogea. Kwa kuwa alisogea upande wa mlango, akaingia.

"Mwanangu," alimwambia mwongozaji, "huyo dereva akiwa mzima nitamfanya, kwa sauti yoyote mnayotaka nyinyi na bosi. Akiwa mgonjwa mtafutieni mtu."

"Mzee, akiwa mzima bosi hamtaki. Umemsikia."

"Nimemsikia."

"Basi unanipa jibu gani?"

"Hilo nililokupa."

Mwongozaji alimkazia macho, kisha akayashusha mezani. Alimuuliza kama kuna kitu hakumwelewesha. Balozi alisema ameeleweshwa vizuri. Simu ilikuwa bado hewani, na mwenye kumbi akauliza kwa nini watu wamenyamaza. Mwalimu mkuu alisimama, akampa Balozi mkono, akasema mume wake hataamini kwamba amemwona. Kivuko cha saa kumi hakikujaa, wakapata viti ndani.

Nafasi ya dereva alipewa yule mtu wao, aliyekuwa zamani mkaguzi wa tiketi kwenye mabasi. Kiharusi kilibaki kwenye muswada, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshakizoea, na mkaguzi alijifunza wodini kwa wiki mbili. Upande wa ng'ambo sinema ilionyeshwa miezi mitatu. Upande huu ilionyeshwa siku kumi na nane. Watu walitoka wakiuliza kama Mng'ambo alikuwemo.

Mwongozaji alitengeneza nyingine mbili, kisha akaenda kwenye matangazo ya sabuni, ambako yuko mpaka leo. Mtangazaji alifariki mwaka ule ule, na redio ilimtangaza kwa dakika nne. Mwalimu mkuu alistaafu. Bwana wa ofisi ya filamu alihamishiwa ofisi ya leseni za magari. Mwenye kumbi aliuza tano kati ya zile saba, zikawa maduka ya samani.

Balozi aliigiza katika sinema tatu zaidi. Alikuwa Mng'ambo mfanyabiashara wa mbao, Mng'ambo mwamuzi wa mpira na Mng'ambo mume wa tatu, zote kwa sauti ile ya zamani, na katika zote tatu alikuwa mzima wa afya. Watu wa milimani na wa ng'ambo wanaendelea kusingiziana. Aliacha kazi magoti yalipomshinda, akafa miaka sita baadaye kwa ugonjwa wa moyo. Mkewe anaishi na binti yao mkubwa, ghorofa ya pili. Amevuka mto mara mbili kumtembelea binti wa ami yake, na mara zote alirudi siku hiyo hiyo.